Uwanja Mdogo Kwanza

Juma hili twataka kuzungumza nanyi habari za tenisi. Twajua kwamba huku kwetu Kabambare mchezo unaotawala ni mpira wa miguu, na kwamba wengi wenu hamjapata kushika raketi. Hata hivyo tufuateni hadi mwisho, kwa maana jambo tutakalolisema lamhusu kila mtu aliye na mtoto wa kufunza.

Mnamo Julai 2022, huko Wimbledon, Uingereza, wasichana wanne walikutana katika mchezo wa mwisho wa vijana, wawili kwa wawili. Upande mmoja alisimama Angella Okutoyi wa Kenya, na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Upande wa pili walikuwa Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Na huyo Mboko wazazi wake walitoka Kongo yetu. Okutoyi na mwenzake walishindwa seti ya kwanza 3-6, wakashinda ya pili 6-4, na mwishowe wakapata ushindi kwa alama 11-9. Mnamo Machi 2024 Okutoyi akashinda medali ya dhahabu katika Michezo ya Afrika huko Accra. Naye Mboko, aliyeshindwa siku ile, hakuvunjika moyo. Mnamo Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka 18, alitwaa ubingwa wa wanawake huko Montreal kwa kumshinda Naomi Osaka wa Japani.

Watu wakisikia habari kama hizi husema, “Hao wamezaliwa nazo.” Sivyo kabisa. Okutoyi alilelewa na bibi yake, mfanya usafi wa shule mjini Nairobi. Mboko alikuwa kitinda mimba wa watoto wanne, akawafuata wakubwa wake uwanjani. Kipaji walikuwa nacho, lakini kipaji ni mbegu tu. Basi walimu wa mchezo huu hufanya nini hata mbegu ikaota?

Jambo la kwanza ni kumpa mtoto kiwanja kinachomfaa. Uwanja kamili wa tenisi una urefu wa mita 23.77, na mpira wake wadunda kwa nguvu. Mtoto wa miaka saba akiwekwa humo, mpira humpita juu ya kichwa. Naye, ili aufikie, huishika raketi vibaya na kuupiga kwa kujipinda, na kosa hilo humganda kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2007 Shirikisho la Kimataifa la Tenisi limewahimiza walimu kuwaanzishia wadogo katika uwanja wa mita 11 hivi, wavu wa sentimeta 80, na mpira mwepesi uendao polepole zaidi kwa asilimia 75. Na tangu mwaka 2012 ni sheria kwamba mpira wa wakubwa hautumiki katika mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini yake. Mtoto hucheza tangu siku ya kwanza: aanzisha, arudisha, ahesabu alama. Akikua, uwanja nao hukua pamoja naye.

Jambo la pili ni kuanzia kwa lile ambalo mwili wake umekwisha kulijua. Pigo la kuanzia mchezo huwatisha wengi. Lakini mtoto aliyezoea kurusha kijiti apate kuangusha embe tayari analo pigo hilo katika bega lake. Na raketi kwa pigo hilo hushikwa kama mtu ashikavyo nyundo. Mwalimu mwenye akili huanzia hapo.

Jambo la tatu ni kupunguza maneno. Ukimwambia mtoto kwa pumzi moja, “Tazama mpira, geuza bega, piga magoti, usikunje mkono, songa mbele,” hatafanya hata moja. Mwalimu mmoja wa Marekani, Timothy Gallwey, katika kitabu alichokitoa mwaka 1974, alieleza zoezi jepesi. Mwanafunzi hutamka neno moja mpira unapodunda, na neno jingine raketi inapougusa, basi. Akili ikishughulika kutazama, mwili hupata nafasi ya kujifunza wenyewe. Kisha mwalimu huuliza, wala haamuru: “Mpira umeugusa wapi, mbele yako au nyuma yako?” Mtoto anayelijibu swali hilo mwenyewe ataweza kujisahihisha hata siku ambayo mwalimu hayupo. Maana katika mchezo wa mtu mmoja kwa mmoja, mchezaji husimama peke yake uwanjani.

Haya twayaandika kwa majuto, kwa kuwa sisi wenyewe tuliwahi kuyakosa. Miaka kadhaa iliyopita tulipewa raketi chache zilizochakaa. Tukafunga kamba kati ya miti miwili, tukawakusanya wavulana wa darasa letu. Kwa siku tatu tuliwapanga mistari kama askari, wakapiga hewa pasipo mpira kwa hesabu yetu. Kati yao alikuwako mmoja wa mkono wa kushoto, mwepesi wa miguu kuliko wote. Tulimlazimisha kushika kwa mkono wa kuume, na alipokosea tulimcheka mbele ya wenzake. Siku ya nne hakuja. Baada ya muda akaacha na shule pia, akaenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila.

Hatusemi kwamba raketi ingemzuia. Njaa ya nyumbani ina nguvu kuliko mchezo, na vita imewatawanya wengi. Lakini twajua kwamba mahali pamoja ambapo angeweza kujiona anafaa, sisi tulimfungia mlango.

Na ninyi wazazi, msituachie walimu lawama yote. Yupo baba anayemsimanga mtoto kwa nini hakuwa wa kwanza, na mama anayemlinganisha na mtoto wa jirani. Machimbo yametufundisha vibaya: mtu ashuka shimoni asubuhi, ataka dhahabu jioni. Mtoto hachimbwi, mtoto hupandwa. Mboko mwenyewe alipouanza mwaka 2025 alikuwa nyuma ya wachezaji zaidi ya 300 duniani. Na nyuma ya mwaka ule mmoja ilikuwapo miaka mingi ya mazoezi ambayo hakuna gazeti lililoiandika.

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli. Lakini hata samaki mbichi hukunjwa kwa mkono wa taratibu, la sivyo atakatika.

Basi ninyi walimu, hata kama hamna raketi, kamba yatosha, na ubao uliochongwa, na mpira wa matambara wa kutupiana. Chora kiwanja kidogo, waache wacheze kwanza, kisha sahihisha jambo moja tu kwa siku. Na yule wa mkono wa kushoto, mwacheni apige kwa kushoto.