Mfuko wa kubana: tukaushe kwanza

Ile mifuko ya plastiki yenye mdomo wa kubana kwa vidole imeingia katika jikoni zetu hapa Lubarika, na tunaipenda: ndagala za Uvira hazinuki nyumba nzima, na sisimizi hawafiki kwenye karanga. Lakini mfuko haukaushi kitu. Unazuia unyevu wa mvua usiingie, na unazuia ule uliomo ndani usitoke. Karanga zikifungwa zikiwa bado mbichi hushika ukungu, na sumu yake, aflatoksini, haimalizwi na kukaanga wala kupika. Inaharibu ini. Hapo tusihurumie franka zetu: tutupe, na kuku tusiwape.

Kwa mahindi kuna kipimo cha chumvi. Tunatia mahindi na chumvi kavu kidogo katika chupa kavu, tunafunga, tunatikisa, tunangoja dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi yarudi juani. Yakikauka, yapoe kivulini kabla ya kufungwa, maana yakiwa moto yatatoa jasho ndani.

Ndagala tunaivunja: ikipinda tu, bado. Tufunge kidogo kidogo, kiasi cha sufuria moja, tukisukuma hewa itoke. Mfuko wa samaki ubaki wa samaki.

Asiye na mfuko asihangaike. Bidoni ndogo yenye kifuniko cha kuzungusha, ikioshwa na kukauka kabisa, inafanya kazi ileile, na panya anaishindwa. Ila isiwe iliyobeba mazutu au dawa ya shamba.