Eti Ndivyo Yalivyo Yote

Jumamosi moja, kwenye kikao chetu cha kusomeana kazi, nilisema nataka kuandika juu ya wauzaji wa magari ya spoti na namna wanavyowazungusha wateja gari likianza kuumwa. Jamaa wakaangua kicheko. Mmoja, mshairi mzuri tu, ambaye hata baiskeli hana na siku hiyo alikuja kwa nauli ya kukopa, akaniuliza, "Sasa tajiri akililia gari lake, sisi walalahoi inatuhusu nini?" Nilinyamaza kwa sababu zamu ya kusema haikuwa yangu. Leo ni yangu.

Nianze na huyo "tajiri". Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko Marekani mwaka wa kumi na moja sasa. Kazi yake ni kubeba boksi, na sisemi kwa mafumbo: anapakia maboksi ghalani, zamu ya usiku. Tangu tuko wadogo alikuwa akichora magari ya milango miwili kwenye majalada ya madaftari, mpaka mwalimu wa hesabu akamchapa kwa ajili hiyo. Basi mwaka jana akajitosa. Akanunua gari la spoti lenye umri wa miezi tisa, lililopita mkono mmoja tu, kwa mkopo wa miaka sita. Yule muuzaji akamwambia maneno matamu: hili ni kama kitu na boksi, tena umepata nafuu kwa sababu mwenzio keshapunguza bei.

Wiki ya tatu, asubuhi ya baridi, injini ikaanza kugonga. Inagonga dakika mbili tatu, ikipata moto inanyamaza. Akarudi pale aliponunua. Mara ya kwanza wakamwambia, "Tumeliendesha, hatukusikia kitu." Mara ya pili wakamwambia, "Tumesikia, lakini ndivyo yalivyo yote. Hili gari la spoti bwana, lazima liseme." Mara ya tatu, mtu wa mapokezi akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu, akamuuliza, "Kwani wewe unaliendeshaje?"

Ndugu msomaji, sisi tunaojifunza kuandika tunahangaika miaka kutafuta sentensi moja itakayomgeuza msomaji. Wenzetu hawa wanazo tatu, na kila moja inafanya kazi yake. Ya kwanza inamfanya mteja ajione ana wazimu. Ya pili inamfanya ajione mshamba. Ya tatu inamfanya ajione mkosaji. Na zinakuja kwa mpangilio huohuo, hebu waulize walionunua.

Hiyo ya kwanza nitaipita haraka, maana ndani yake kuna watu wa kuonewa huruma. Kwenye gereji nyingi za wauzaji wa Marekani fundi halipwi kwa saa alizokaa chini ya gari. Kila kazi imepangiwa muda wake kwenye kitabu, na hulipwa muda huo. Kazi ya dhamana, ambayo mlipaji ni kiwanda, mara nyingi hupangiwa muda mfupi kuliko ile anayolipa mteja mwenyewe. Sasa fikiria mlio unaotokea saa kumi na mbili alfajiri injini ikiwa baridi. Nani atakesha kuungojea? Fundi anawasha gari saa tano mchana, limeshasogezwa mara tatu kuanzia asubuhi, limepata moto, haligongi. Anaandika "hakuna kilichoonekana", anachukua gari lingine lenye hela. Hajasema uongo. Ila karatasi ile, akishaisaini, inageuka silaha mikononi mwa watu wa ofisini.

Ya pili ndiyo inayonichefua. "Ndivyo yalivyo yote." Tazama ilivyo na ujeuri! Kama ni yote, basi hiyo ndiyo habari mbaya yenyewe, lakini wao wanaitoa kama kikombe cha chai. Mfano wake unajulikana. Porsche ya Ujerumani, kuanzia miaka ya mwisho ya tisini, iliweka kwenye Boxster na 911 injini ambayo ndani yake kuna shafti ya katikati inayoendesha minyororo ya valvu. Shafti hiyo, upande mmoja, imelala juu ya beringi ndogo ambayo ungeweza kuifumbata kiganjani. Beringi ikifa, valvu na pistoni zinapotezana, zinakutana zisipotakiwa kukutana, na injini ya maelfu ya dola inakuwa chuma chakavu. Siyo kwamba zilikufa zote, la hasha, nyingi zilidumu. Lakini zilikufa za kutosha kufikishana mahakamani huko Marekani, na mwaka 2013 kesi ikamalizwa kwa maelewano yaliyohusu magari yaliyoundwa kati ya Mei 2001 na Februari 2005, bila kampuni kukiri kosa.

Sasa mshairi wetu asogeze kiti, sehemu hii ni yake. Katika maelewano yale, aliyenunua gari likiwa jipya, au lililotumika lenye cheti cha kampuni, alistahili kurudishiwa gharama yote, mradi gari halijapita miaka kumi na maili 130,000. Aliyenunua mtumba wa kawaida, bila cheti, alistahili asilimia 25. Robo! Beringi ni ileile, imetoka kiwanda kilekile, imekufa kifo kilekile. Kilichotofautiana ni mlango alioingilia mnunuzi. Mwenye uwezo wa kununua jipya analipiwa yote, na yule aliyejikusanyia akanunua la mkono wa pili anapewa robo na kuambiwa ashukuru. Halafu mtu anasema hii ni habari ya matajiri.

Ya tatu: "Unaliendeshaje?" Hapa nina mfano wa juzijuzi. Toyota GR86 ni gari dogo la spoti ambalo Subaru ndiye anayeliunda. Nyumba ya injini yake imezibwa kwa gundi ya silikoni badala ya gasketi katika sehemu kadhaa. Wenye magari walipofungua sampu walikuta vipande vya gundi vimekwama kwenye chujio linalonyonya oili. Chujio likiziba, pampu haina cha kusukuma, na injini inakufa kiu huku sampu imejaa. Mwaka 2022 mwenye gari mmoja huko Marekani injini ilimfia, akaenda kudai dhamana. Akanyimwa. Kwa nini? Walikuta mtandaoni picha za gari lake likiserereka matairi yakitoa moshi. Wakasema amelitumia vibaya.

Jamani! Gari hilohilo huko Marekani lilikuwa linauzwa pamoja na zawadi: uanachama wa mwaka mmoja katika chama cha michezo ya magari cha NASA (si wale wa mwezini) na siku moja ya bure ya kujifunza kulikimbiza uwanjani. Unanikaribisha ngomani, unaniandalia na ngoma yenyewe, nikicheza unanishtaki kwa kutoa jasho. Kelele zilipozidi mjini, kampuni ikageuka ikakubali kulipa. Lakini ni wangapi waliokataliwa bila kelele? Yule alikuwa na watu wa kumsemea. Kaka yangu ana mimi na jarida hili la kurasa thelathini na mbili.

Wala sisemi kila dereva ni malaika. Wapo wanaolikimbiza gari bila oili, wanaochokonoa kompyuta ya injini ili turbo ivimbe, kisha siku ya kurudi dukani wanairudisha ilivyokuwa na kukunja uso wa kondoo. Muuzaji ana haki ya kuuliza. Ila atuonyeshe basi kwamba uendeshaji ndio ulioleta ubovu. Hajathibitisha kitu kwa kuonyesha picha ya moshi. Gundi iliyo kwenye chujio haikutoka kwenye matairi.

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof aliandika makala fupi kuhusu soko la magari mabovu, ambayo Wamarekani huyaita malimau. Hoja yake ni rahisi hata kijiweni inaeleweka: muuzaji analijua gari, mnunuzi halijui, kwa hiyo mnunuzi anaogopa na kutoa bei ya woga, na wenye magari mazuri wanakataa kuuza kwa bei hiyo, soko linabaki na malimau. Ndiyo maana gari la miezi tisa hushuka bei ghafla: kila mtu anajiuliza mwenyewe amelikimbia kwa nini. Mwaka 2001 alipewa Nobeli pamoja na wenzake wawili. Mimi ningempa nyingine akaenda pale dukani akakaa kwenye kochi la wateja na kaka yangu, wakanywa wote ile kahawa ya bure.

Sheria zipo. Jimbo la Connecticut lilitunga sheria ya malimau mwaka 1982, mengine yakafuata. Lakini nyingi zinamlinda mnunuzi wa gari jipya. La mkono wa pili linaweza kuuzwa "kama lilivyo", karatasi imebandikwa dirishani, umesoma hukusoma shauri yako. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2015, aliyenunua kwa mfanyabiashara ana siku 30 za kulirudisha gari bovu na kudai hela yake, hata likiwa limetumika. Na ubovu ukijitokeza ndani ya miezi sita huhesabiwa ulikuwepo, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Miezi sita ambayo anayeulizwa "unaliendeshaje" si mteja! Hilo tu, na ile sentensi ya tatu inamkwama mtu kooni.

Na hapa kwetu? Tusijifanye tuko mbali. Magari haya hayafi huko yote. Yale ya usukani wa kulia yanapanda meli Japani na Uingereza, yanateremka Dar na Mombasa yakiwa na miaka saba, minane, yameoshwa injini mpaka inang'aa. Huyo mtoto wa mjini unayemwona Mlimani City na Subaru inayonguruma amenunua mwisho wa mnyororo ambao mwanzo wake ni mtu kama kaka yangu, aliyechoka kuzungushwa akaamua naye kumwingiza mjini mwenzake. Kwenye risiti ya yadi kumegongwa muhuri: mali ikishauzwa hairudishwi. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa inataka kitu kinachouzwa na mfanyabiashara kiwe na ubora unaostahili, lakini nani amewahi kuutazama muhuri ule akabisha?

Kaka alirudi mara ya nne. Safari hii aliliacha gari lilale palepale, akarudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi kutoka zamu, na sare ya ghalani bado mwilini, akamwomba fundi waliwashe wote wawili. Likagonga. Fundi, kijana wa watu, akamwambia polepole kwamba hata yeye asingelinunua. Kaka akamwomba aandike. Akaandika "mlio umesikika injini ikiwa baridi", saini na tarehe. Basi. Mameneja bado wanajadiliana na kiwanda, na mkopo hausubiri majadiliano.

Ule mlio alinirekodia kwenye simu. Nikampelekea yule mshairi ausikilize. Akausikiliza mara mbili, akasema unafanana na cherehani ya bibi yake, ila ya bibi yake haikuwa inakatika.