Kusini Ilipokuwa Juu

Mara nyingi nawasikia watu wazima, tena wenye elimu yao, wakisema kwamba pwani yetu iligunduliwa na Vasco da Gama mwaka 1498. Neno hilo lanichukiza. Huyo Gama mwenyewe alipewa rubani Malindi wa kumwongoza hadi Calicut, Bara Hindi. Aliyeonyeshwa njia na wenyeji awezaje kuitwa mgunduzi?

Ushahidi mwingine umo katika ramani. Mwaka 1154, miaka 344 kabla ya Mreno huyo kutia nanga, mwanachuoni Mwislamu al-Idrisi alikamilisha kitabu cha jiografia chenye ramani 70 huko Palermo, kisiwani Sicily. Aliyemwagiza kazi hiyo ni mfalme Mkristo, Roger wa Pili. Ilichukua kama miaka 15 ya kuwahoji wasafiri na kulinganisha maneno ya huyu na ya yule. Humo Malindi na Mombasa zimetajwa kwa majina, pamoja na habari za chuma kilichochimbwa na watu wa huku.

Kwa macho yetu ramani hiyo imepinduka: kusini iko juu, kaskazini chini. Kwa hiyo Afrika imekaa juu, Ulaya chini. Je, alikosea? Hata kidogo. Dunia haina juu wala chini. Mchoraji ndiye achaguaye. Wakristo wa Ulaya wa zama hizo waliweka mashariki juu, na ile ramani ya Hereford, Uingereza, iliyochorwa karibu na mwaka 1300, imeiweka Yerusalemu katikati. Kila mmoja aliichora dunia jinsi alivyoiona moyoni mwake.

Sisemi kwamba al-Idrisi alijua yote. Alitegemea habari za wengine, na pwani ya Afrika aliinyosha mno kuelekea mashariki. Lakini yatosha kwamba miji yetu ilijulikana mbali, na bidhaa zake pia.

Maoni yangu ni kwamba walimu wa historia waitundike ramani hiyo darasani, ubavuni mwa ile tuliyoizoea. Mtoto akisoma jina la mji wake katika kazi ya mwaka 1154, hatakubali kuambiwa kwamba wazee wake walikaa gizani wakingoja kugunduliwa. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Tusiwafundishe watoto wetu utumwa huo.