Kyamwilu, maji yanayopanda mlima na somo la fizikia

Leo naomba tuweke kando mambo ya programu. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu Jumamosi.

Wenzangu wa Machakos mnaijua Kyamwilu. Kwa wasioijua: ni kipande cha barabara kwenye kilima cha Kituluni, nje ya mji wetu, ambapo ukimwaga maji yanaonekana kupanda mlima. Ukiliondoa gari kwenye gia na kuachia breki, nalo linapanda polepole. Utaambiwa kuna sumaku ardhini, au kwamba hapo nguvu ya uvutano imegeuka.

Nilikwenda huko na mpwa wangu wa Gredi ya 8. Njiani nilimwuliza nguvu ya uvutano ni nini, akanikariria maana yake neno kwa neno. Tukafika, maji yakamwagwa, akaniambia, "Anko, hapa hiyo nguvu haifanyi kazi." Kwenye mtihani angepata alama zote, na bado hajaanza fizikia!

Simlaumu. Mimi pia nilisoma hivyo wakati wa 8-4-4. Kompyuta ndiyo iliyonifunza vingine, maana kompyuta haijali umekariri nini. Unabashiri programu itafanya nini, unaiendesha, inakukatalia, unaanza kutafuta ulipokosea. Hakuna aliyejifunza kazi hii kwa kukariri amri. Kwa nini basi tunadhani mtoto wa miaka 13 atajifunza fizikia kwa kukariri maana za maneno?

Jibu ninalopewa kila mara ni kwamba hakuna maabara. Ni kweli. Gredi ya 7 ilipoanza mwaka 2023 iliwekwa katika shule za msingi, na nyingi kati ya hizo hazikujengwa na maabara. Somo la Sayansi Jumuishi limebeba biolojia, kemia na fizikia kwa pamoja. Maabara hizo tunaidai serikali, na mtu asitumie maneno yangu kuifutia deni. Lakini watoto hawangoji. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na kufikia hapo kila mmoja ameshachagua kama ataendelea na sayansi au la. Mtoto aliyeijua fizikia kama maneno tu ataikimbia, na mlango huo ukifungwa ni vigumu kuufungua tena.

Turudi barabarani. Nilikuwa nimebeba mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ule ambao mafundi wa nyumba huujaza maji ili kupima usawa wa msingi. Yeye akashika ncha moja, mimi nyingine, tukasimama mbalimbali. Maji yakitulia, huwa katika usawa mmoja kwenye ncha zote mbili. Kila mmoja akapima kutoka barabarani hadi kwenye maji. Nilimwambia abashiri kwanza: upande ulio juu utakuwa na kipimo kifupi. Akabashiri ni kule maji yanakoelekea. Tukapima. Ilikuwa kinyume! Kule "juu" ndiko chini.

Nikadhani nimemaliza somo. Akaniangalia akasema, "Lakini Anko, kama hapa maji hupanda, haya ya kwenye mpira si yatatudanganya pia?"

Jamani! Hilo ndilo swali bora la fizikia nililosikia mwaka huu, na halimo kwenye kitabu chake. Kifaa chetu kilitegemea kitu kile kile tulichokuwa tunakishuku. Jiwe kwenye uzi lisingetusaidia, kwani nalo hutegemea uvutano. Tunahitaji shahidi asiyeutegemea, kwa mfano GPS ya simu, inayohesabu kwa mawimbi kutoka kwa setilaiti. Tatizo ni kwamba simu hukosea kimo kwa mita kadhaa, kwa hiyo itabidi tupime mara nyingi, tena mwanzo na mwisho kabisa wa kipande hicho.

Sehemu kama hizi zipo pia Scotland, Kanada na India. Mwaka 2003 watafiti wa Italia, Paola Bressan na wenzake, walichapisha majaribio waliyofanya kwa vielelezo vidogo vya barabara juu ya meza. Mahali ambapo upeo wa macho haujulikani vizuri na ardhi ya jirani imeinama, macho hudanganyika, na mteremko huonekana kama mlima. Ningeweza kumwambia hayo tangu mwanzo. Angeyaandika kwenye daftari, akayakariri, na lile swali lisingezaliwa.

Mwalimu wa Gredi ya 7, 8 au 9 unayesoma haya, najua una darasa kubwa na muda mdogo. Ninachoomba ni kitu kimoja: kabla ya kuandika maana ubaoni, waache wabashiri, kisha wapime. Mpira wa maji fundi yeyote jirani atakuazima.

Sisi tunarudi Kyamwilu Jumamosi ijayo. Safari hii mpango wa vipimo ameuandika yeye.