Hema Halilipi Bili

Kila mtaa unapopatwa na shida ya haraka, hatakosekana mtu mzima wa kusema, kwa sauti ya uzoefu, kwamba wiki tatu hazitoshi kuandaa harambee. Waliopo hutikisa vichwa. Mimi pia nilikuwa nikitikisa. Siku hizi nabisha: wiki tatu zinatosha na kubaki. Zisizotosha ni wiki tatu za kumsaka mgeni rasmi.

Kuna mwaka niliingizwa kwenye kamati ya kumchangia jirani yetu hapa Mombasa, fundi cherehani aliyekuwa anahitaji upasuaji. Malipo ya kwanza yalitakiwa hospitalini ndani ya siku 18. Kikao cha kwanza tulikaa barazani kwa mwenyekiti baada ya Isha, kahawa ikizunguka, na ajenda ya kwanza ikawa: mgeni rasmi ni nani? Mmoja akamtaja mbunge. Mwingine akasema mbunge hapokei simu, heri mwakilishi wadi. Saa nzima ikaenda. Tukaingia kwenye mahema, mawili au matatu? Viti 300. Spika. MC, tena awe anayejua kuchekesha. Fulana za kamati. Bango lenye picha ya mgonjwa kitandani, na mgonjwa mwenyewe hakuna aliyemuuliza.

Mimi ndiye niliyekuwa naandika. Hesabu ilipofika shilingi 74,000 nikauliza hizo zinatoka wapi. Nikajibiwa, "Tutachanga kwanza za maandalizi." Yaani tuchange ili tupate kuchanga. Mgonjwa hajapata hata ndururu, na mwenye hema keshapangiwa fungu lake.

Tazama orodha ile ilivyo. Kila kinachotaka muda mrefu ndicho kisicholeta pesa. Mheshimiwa ndiye wa kungojwa miezi, mahema ndiyo ya kukodiwa mapema, fulana ndizo za kupeleka kiwandani. Mtu wa kumpigia simu binamu yake akamwambia "nahitaji elfu moja kabla ya Alhamisi" hahitaji hata usiku mmoja wa maandalizi. Ndiyo maana nasema muda mfupi si adui wa mchango. Unakata mafuta, ikabaki nyama.

Na tusijidanganye kwamba hii ndiyo mila. Kabla Jomo Kenyatta hajalifanya wito wa taifa mwaka 1963, neno harambee lilikuwa la watu wa kazi nzito, wanaovuta mzigo kwa pamoja. Mwenye kamba mkononi hangoji mgeni aje kumwambia avute. Shule nyingi za harambee za miaka ya 1960 na 1970 zilisimama hivyo: wa mawe akaleta mawe, wa nguvu akachimba msingi. Bahasha ya mwanasiasa ilinona baadaye, ikaja na hesabu zake za kura. Mambo yakazidi hadi Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ikawawekea mipaka, na Julai 2024, baada ya vijana kujaa barabarani, Rais William Ruto akatangaza kuwapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Nasi barazani bado tunaulizana nani ana namba ya mheshimiwa.

Ukitaka ushahidi wa kasi, rudi Julai 2011, njaa ilipobana Turkana na kaskazini yote. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, Safaricom, benki ya KCB na vyombo vya habari walianzisha Kenyans for Kenya, wakajipa wiki nne kukusanya shilingi milioni 500. Watu wakatuma kwa M-Pesa, na lengo likapitwa kabla wiki hizo hazijaisha. Utasema wale walikuwa na televisheni. Sawa. Wewe una kundi la WhatsApp la ukoo, la mtaa, la madrasa na la wale mliosoma nao darasa la nane. Fundi wetu hakuhitaji milioni 500.

Aliyetuokoa ni mama mmoja muuza mahamri. Siku ya nne, mbunge hajapatikana, alisema, "Mie mgeni rasmi simjui. Nipeni majina." Akalichukua daftari, tukaandika kila anayemfahamu fundi, kuanzia wateja wake wa kanzu hadi dereva wa matatu aliyemshonea viti. Kila mwanakamati akagawiwa majina kumi. Kupiga simu, si kutuma ujumbe, maana ujumbe husomwa ukapitwa. Na yule mama hakumwambia mtu "toa chochote ulicho nacho". Alitaja kiasi. "Mwanangu, nimekuandikia elfu mbili. Niache au nifute niandike ngapi?" Nilimsikia kwa masikio yangu akimuuliza hivyo mwenye duka la vitambaa, na upande wa pili kimya kirefu, kisha, "Wacha hivyo hivyo, mama."

Wanaohofia kwamba haraka huzaa wizi hofu yao naipokea, na dawa yake ni nyepesi kuliko hema: pesa zilipita moja kwa moja kwenye Paybill ya hospitali kwa namba ya mgonjwa, na kila usiku mweka hazina aliweka kundini majina, kiasi na jumla. Siku ya 11 malipo yalitimia. Ingekuwa chini ya hema, tungekuwa na ahadi. Ahadi ya kwenye kipaza sauti hupigiwa makofi papo hapo, na wengi makofi ndiyo waliyoyafuata.

Sisemi watu wasikutane. Mnada wa kanisani, ambapo kuku wa bibi mmoja huuzwa mara tatu na mwisho akarudishiwa mwenyewe, ni jambo la raha na pesa huingia. Ila kanisa lina paa, lina viti, na watu wake wangekuja tu Jumapili hiyo. Basi nenda walipo, wewe na daftari lako.

Wapo pia wanaodhani ukingoja miezi mitatu utapata zaidi. Mwulize yule mama kuhusu mahamri: asubuhi hupangiwa foleni, jioni huliwa kwa kubembelezwa. Huruma nayo ndivyo ilivyo.

Majuzi upepo umeezua paa la madrasa yetu, na mvua za masika ziko karibu. Tukaitana tena barazani. Fundi cherehani, mzima wa afya, amenenepa hata, ndiye tuliyemchagua mwenyekiti. Akafungua kikao kwa dua, akakohoa kidogo, akasema, "Jamani, muda ni mfupi sana. Kwanza kabisa, mgeni rasmi tumwite nani?"