Kiwanja kwa shangingi?

Wajameni, kuna mshikaji wangu wa Sinza kanitoa jasho wiki hii. Anataka kuuza kiwanja cha Kibaha anunue shangingi, ile VX 100 ya dizeli, mtumba wa Japani. Shemeji hajui kitu!

Gari lenyewe silisemi vibaya. Injini ya 1HD-FTE, lita 4.2, silinda sita, turbo. Ikitunzwa inadumu ile mbaya. Ila Toyota iliacha kuziunda 2007, kwa hiyo hata iliyo changa imeshavuka miaka 15.

Nikamwambia, ukifika yadi shika boneti kwanza. Ukiikuta ya moto, unazugwa: wameiwasha mapema kuficha inavyosumbua ikiwa baridi. Injini ikinguruma, fungua kifuniko cha oili; moshi ukitoka kwa nguvu, ringi zimekwisha, sepa. Halafu uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni. Kiwanja cha pili unacho?

Mshikaji kanuna. Dalali kapanga naye Jumamosi asubuhi. Nitakwenda, boneti nitaishika mwenyewe. Kumweleza shemeji, hiyo shughuli yake.