Arubuni ya arusi na iwekwe amana

Fikra ya soko la mtandaoni la kukodi wapishi, wapambaji, wapiga picha na wenye maturubai naiunga mkono kwa dhati. Lakini tangu M-Pesa ilipoingia Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kupeleka fedha si mashaka tena, na mashaka yaliyosalia ni ya kuaminiana, kwani aliyekwisha kutoa arubuni hana dhamana yoyote iwapo mpishi, baada ya kupata mwenye karamu kubwa zaidi, atamwacha siku chache kabla ya nikaha. Kwa hiyo arubuni hiyo na ikae amana kwa wenye soko, isimfikie mpishi yote mpaka wageni wamekwisha kula, isipokuwa ile sehemu ya kununulia mchele na nyama, ambayo ni haki yake kuipata mapema. Tena kalenda ya soko hilo ifuate na mwandamo wa mwezi, maana huku pwani arusi husita Ramadhani, zikafurika Mfunguo Mosi, mwezi ambao siku yake ya kwanza haijulikani kwa yakini mpaka uandame. Enyi waundaji wa programu, kaeni kwanza na wapishi na makungwi, muwasikilize.